Kwa Nini Iten, Si Kangaru?

Wasee wa mlima, kuna stori tumeimeza tangu tukiwa wadogo na leo nataka tuitapike. Inasema Wakalenjin wanakimbia, Waluhya wanacheza boli na raga, halafu sisi wa Embu na Meru tuko na kahawa, miraa na vitabu. Hata walimu wa michezo wanaisema. Mtoto akimaliza wa mwisho kwenye mita 5,000 za kaunti, anaambiwa kwa upole, "Usijali, wewe si mtu wa Iten." Anacheka, anavaa sweta, anarudi darasani akijua kwamba mbio ni mali ya watu wengine.

Mimi naona hiyo ni stori ya jaba. Na sitaki uniamini kwa sababu napenda kwetu. Chukua tarehe za historia ya hapa mlimani, uzipange kando ya tarehe za riadha ya Kenya, halafu usome zote pamoja. Utaona kuna kitu hatukuambiwa pale kwa somo la historia.

Wacha nianze na shule mbili.

Ya kwanza ni Kangaru. Ukiwa mtu wa Embu huhitaji kuelezwa. Ni shule ya umma, ya wavulana, ya bweni, iko pembeni mwa mji, na ilikuwepo tangu enzi za mkoloni. Wazee wengi wenye majina huku kwetu walipita hapo. Ukitaja Kangaru kwa matanga au kwa harusi, kuna mzee mmoja lazima anyooshe shingo.

Ya pili ni St. Patrick's, Iten. Nayo ni shule ya umma ya wavulana, ya bweni, pembeni mwa mji mdogo ulioko ukingoni mwa Bonde la Kerio, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ilianza mwaka 1961 chini ya mabrother wa Kikatoliki kutoka Ireland. Kwa umri, Kangaru ni kaka yake mkubwa.

Lakini ukitembelea St. Patrick's utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi wa zamani waliokuwa mabingwa wa dunia na wa Olimpiki. Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka maji na viunzi Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akikimbilia Denmark. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon, mwaka 1987, na Boston mwaka uliofuata. Shule moja, bana. Kuna nchi nzima hazina orodha kama hiyo.

Sasa swali langu ni rahisi: kwa nini Iten, si Kangaru?

Najua jibu ambalo tayari liko mdomoni mwako. Jeni. Damu. "Hao wamezaliwa hivyo." Hilo jibu ni tamu kwa sababu halina kazi. Ukishasema damu, hakuna mtu wa kuulizwa swali. Prinsipo haulizwi, serikali haiulizwi, mzazi haulizwi, na wewe mwenyewe unakaa chini.

Kuna mwanasayansi anaitwa Yannis Pitsiladis ambaye alitumia miaka mingi akikusanya DNA za wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia akitafuta hiyo siri. Hakupata jeni moja ya kuelezea kwa nini wanashinda. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na wenzake, waliwauliza wakimbiaji wenyewe walivyokua. Ni kweli walipata kwamba wengi wanatoka Bonde la Ufa. Lakini walipata pia kitu cha kawaida kabisa: wengi walikuwa wakienda shule kwa kukimbia, kila siku, asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi.

Halafu angalia majirani zetu. Catherine Ndereba ni mtu wa Nyeri, upande wa pili wa mlima huu huu. Alishinda Boston mara 4, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mara 2, na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia Chicago. Charles Kamathi, Nyeri pia, ndiye aliyemvua Haile Gebrselassie taji la dunia la mita 10,000 kule Edmonton mwaka 2001, wakati watu walidhani Haile hashindwi. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alishinda marathoni ya Olimpiki Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa mbio hizo. Shuka Machakos: Cosmas Ndeti alichukua Boston miaka 3 mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau akavunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011. Hao wote si Wakalenjin. Wanakula githeri na muthokoi kama sisi.

Ukisema basi ni urefu wa mlima, Iten iko juu kuliko mji wa Embu, hiyo nakubali. Lakini Machakos nayo iko juu gani? Na Timau, hapo Meru kwa mashamba ya ngano, inapita mita 2,000. Hewa nyembamba tunayo. Kwa hivyo turudi kwa tarehe.

Shule za kwanza huku kwetu zilikuja na bunduki zikiwa bado moto. Waingereza walivamia Embu mwaka 1906. Mwaka 1910 wamishenari wa CMS walikuwa Kigari. Wamethodisti wakakaa Kaaga, Meru. Wakatoliki wa Consolata nao wakafika. Mwaka 1922 Waskoti wakafungua misheni ya Chogoria chini ya Daktari Irvine. Mtoto aliyeenda misheni alifundishwa kusoma, kuimba, kulima na kupanga mstari. Mpira ulikuja ndani ya hicho kifurushi. Kwa mmisheni, mchezo ulikuwa dawa ya kumtoa kijana kwenye ngoma na mambo ya rika lake na kumweka mahali ambapo kuna filimbi, sheria na mzungu wa kupuliza hiyo filimbi.

Mwaka 1926 Alliance ikafunguliwa Kikuyu, na kwa muda mrefu kijana mkali wa Embu au Meru aliyetaka sekondari ya maana alilazimika kutoka nyumbani na kwenda huko mbali. Angalia waliorudi. Bernard Mate wa Meru alisoma Alliance, akaenda Makerere, na mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwenye uchaguzi wa kwanza wa Waafrika. Jeremiah Nyagah wa Embu, Alliance na Makerere pia, akaingia mwaka 1958, halafu akawa waziri miaka mingi na kiongozi wa maskauti Kenya. Sasa wewe ni mzazi wa Runyenjes au Nkubu miaka hiyo. Umeona kwa macho yako kwamba vitabu vinamtoa mtoto shambani na kumpeleka bungeni. Utamwambia afanye nini, akimbie?

Sawa. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo inaniuma.

Riadha ya Kenya kama tunavyoijua ilijengwa kati ya mwaka 1949 na 1964 hivi. Mwaka 1949 serikali ya mkoloni iliajiri ofisa wa michezo, Archie Evans, akaanza kupanga mashindano kuanzia mashinani hadi koloni nzima. Mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kikaundwa. Mwaka 1954 Kenya ikapeleka timu Vancouver kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na wakiwa njiani wakapitia London. Mwaka 1956 wakaenda Olimpiki ya kwanza, Melbourne. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut akaleta medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kutoka Tokyo. Hiyo miaka 15 ndiyo msingi wa nyumba. Majina yaliyopatikana wakati huo ndiyo yaliyowavuta vijana waliofuata.

Na sisi tulikuwa wapi hiyo miaka 15?

Tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa. Ilidumu hadi Januari 1960. Na haikuwa ya Wakikuyu peke yao kama wengi wanavyodhani. Serikali ilikuwa na kifupi chake: KEM. Kikuyu, Embu, Meru. Ukiwa KEM, ulihitaji kibali kusafiri. Ukiwa KEM, kulikuwa na kafyu. Msituni huko juu kulikuwa na watu wa Musa Mwariama, na kwa kila kijana mwenye miguu mizuri, askari aliona mpiganaji au mpeleka chakula.

Sasa chukua mwaka mmoja tu, 1954. Aprili, Waingereza wakafanya Operesheni Anvil Nairobi: wakazingira mji na kubeba maelfu ya watu wa KEM kwenda kambini. Juni, wakaamua kuwahamisha watu wa mashambani kwa nguvu na kuwaweka kwenye vijiji vyenye ulinzi. Ndani ya muda mfupi zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishwa, kwa vijiji zaidi ya 800. Na Julai hiyo hiyo, Nyandika Maiyoro wa Kisii na Lazaro Chepkwony wa Nandi wakasimama kwenye uwanja wa White City, London, peku, mbele ya Waingereza waliokuwa wakishangaa. Maiyoro akamaliza wa tatu kwenye maili 3. Magazeti yakaandika. Dunia ikasikia kwamba Kenya wanakimbia.

Aprili, Juni, Julai. Soma tena polepole. Mwezi ambao Mkisii na Mnandi wanaonyesha dunia mbio zao, shosho yako wa Embu anachimba handaki kuzunguka kijiji alichofungiwa, na akitoka saa mbaya anaweza kupigwa risasi. Kijana wa Meru akionekana anakimbia mlimani saa kumi na moja asubuhi, hakuna kochi atakayetoa saa kupima muda wake.

Sitaki kupiga chumvi. Sisemi kwamba hakuna mtoto wa Embu au Meru aliyekimbia shuleni miaka hiyo. Shule zilikuwepo, zilikuwa na michezo. Nasema kwamba mfumo wa kumtoa mtoto kutoka shule hadi lokesheni, hadi wilaya, hadi mkoa, hadi Nairobi, unahitaji watu wanaoruhusiwa kutembea. Wenzetu waliruhusiwa. Sisi tulikuwa na kibali mfukoni na kafyu jioni.

Kuna pia mambo ya kazi. Mkimbiaji wa zamani hakuwa na Nike wa kumlipa. Alikula kwa sababu alikuwa na sare. Kiprugut alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Kenya Mexico mwaka 1968, mwanajeshi. Kipchoge Keino, polisi. Hata Ndereba miaka mingi baadaye alikuwa Magereza. Na jeshi la mkoloni, KAR, lilipenda kuajiri Wakamba na Wakalenjin kwa sababu Mwingereza alikuwa na nadharia yake ya "makabila ya vita". Kwa hivyo mlango wa pili wa riadha, ule wa kambi ya jeshi, nao ulikuwa umefunguliwa zaidi upande mwingine.

Halafu kuna hii ambayo ukiisikia unaweza kudhani nimeitunga. Mtu aliyesimamia idara ya Maendeleo ya Jamii, ambayo kazi ya michezo ilikuwa chini yake, na ambaye pia alipewa kazi ya "kurekebisha" wafungwa wa Mau Mau, aliitwa Thomas Askwith. Huyo Askwith alikuwa mwana Olimpiki. Alipiga makasia kwa timu ya Uingereza mwaka 1932 kule Los Angeles na mwaka 1936 kule Berlin. Fikiria: mwanamichezo wa Olimpiki amewekwa kusimamia marekebisho ndani ya kambi za kizuizini. Na kambi zilizokuwa na sifa mbaya kabisa ni zile za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Wafungwa walipigwa hapo ili wavunjike na kukiri kiapo. Askwith mwenyewe alilalamika kuhusu ukatili huo, na mwaka 1957 akaondolewa kwenye kazi ya kambi.

Kwa hivyo Olimpiki ilifika Embu miaka ya hamsini, ndiyo. Ilifika ikiwa na funguo za kambi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kenya nzima ilikuwa na sekondari 151 tu. Watu wa mlima waliingia harambee kama wazimu. Kahawa ilikuwa imetupa pesa kidogo. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndizo sehemu ambazo Waafrika waliruhusiwa kwanza kupanda kahawa, katika miaka ya thelathini. Mwafrika wa sehemu zingine alikuwa bado anakatazwa. Pesa hiyo ilijenga madarasa, maabara na nyumba za walimu. Na ilijengwa na wazazi waliotoka kwenye vijiji vya waya, wakiwa wamepoteza mashamba au ndugu. Hao wazazi walikuwa na imani moja: cheti hakinyang'anywi. Shamba linanyang'anywa, ng'ombe anachukuliwa, lakini cheti kiko kichwani.

Siwezi kuwalaumu. Ningekuwa mimi ningewaza hivyo hivyo. Lakini hiyo imani ikawa sheria ya shule zetu. Uwanja ukawa mahali pa gwaride, paredi ya Jumatatu na siku ya wazazi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, kila kitu kikawa ni mtihani, na somo la viungo halikuwa na mtihani wa kukufanya ulale macho. Kwenye ratiba iko. Kwenye ukweli ni hesabu.

Shule niliyosoma mimi, ambayo siitaji, ilikuwa na uwanja mzuri sana. Kufika kidato cha tatu nilikuwa nimeukimbia mara chache kuliko nilivyoufyeka kama adhabu. Nadhani wengi wenu mnacheka kwa sababu mnajua panga hilo.

Wakati huo huo, Iten walikuwa wanafanya nini? Hapa ndipo napenda sana hii historia, kwa sababu hakuna uchawi. Kulikuwa na mwalimu Mwingereza anaitwa Peter Foster, kaka yake Brendan Foster yule mkimbiaji, aliyekuwa akishughulika na riadha hapo shuleni. Mwaka 1976 akaja Brother Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia. Jiografia! Hakuwa kochi. Hakuwa amesomea riadha. Foster alipoondoka, Colm akachukua kazi na kujifunza kwa kuangalia vijana wakikimbia na kuwauliza maswali. Akakaa. Hicho ndicho kitu. Alikaa miaka kumi, ishirini, arobaini. Mwaka 1989 akaanzisha kambi za likizo ili wadogo wapate mazoezi shule zikifungwa, wasichana pia. Miaka mingi baadaye, kijana aliyemnoa, David Rudisha, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, rekodi ya dunia.

Kwa hivyo mapishi ya Iten ni haya: mwalimu mmoja anayejali na asiyehamishwa kila baada ya miaka miwili, ratiba ya mazoezi isiyofutwa kwa sababu ya prepu, wakubwa wanaokimbia na wadogo ili mdogo aone inawezekana, na mahali ambapo jina la bingwa limepandwa kama mti na kila mtoto anapita hapo akienda darasani. Niambie ni kiungo gani hapo kinakosekana Embu. Walimu wa jiografia tunao wengi.

Na wale wanaosema mbio zinaua masomo, wasikilize hii. Ibrahim Hussein alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kwa miguu yake. Peter Rono alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, Maryland, alipokwenda Seoul na kurudi na dhahabu. Samuel Wanjiru alipelekwa sekondari Japani, Sendai Ikuei, akiwa na miaka 15. Shule zililipwa na mbio. Mimi ni msee aliyeacha chuo katikati kwa hivyo sina haki ya kumhubiria mtu kuhusu digrii, lakini najua karo ilivyo, na najua ni wazazi wangapi huku kwetu wameuza ng'ombe kwa kitu ambacho kijana wa Iten alilipiwa.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu kuna mlango umefunguliwa na naona tunataka kuufunga wenyewe.

Januari 2026, kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi 10. Kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na ya tatu ni sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza serikali ya Kenya imesema kwa maandishi kwamba mtoto anaweza kuchagua michezo kama njia ya masomo, na isiwe kitu cha kuruhusiwa ukishamaliza hesabu.

Mdogo wangu mmoja, mtoto wa shangazi, alitaka hiyo njia. Huyu mtoto anakimbia, si mchezo. Nyumbani kukaitwa mkutano. Mjomba akavua kofia, akaiweka kwa goti, akauliza, "Sasa huyu tukimsomesha michezo, atakula mpira?" Watu wakacheka. Shangazi akasema watu wetu hawajawahi kuwa wa kukimbia, si afadhali afanye sayansi kama wengine. Mtoto akaangalia chini. Mimi nikamuuliza mjomba kama anajua Ndereba ni wa wapi. Akasema, "Si ni wa Eldoret?" Hapo ndipo niliona kazi iliyoko.

Mjomba si mtu mbaya. Anarudia hesabu ya baba yake, aliyetoka kijiji cha waya akashika kitabu. Lakini hiyo hesabu ilifanywa mwaka 1960 na sasa tunaitumia kumfungia mtoto wa 2026. Kafyu iliisha. Sisi ndio tumebaki tukijifungia ndani.

Na upande wa serikali msidhani wako safi. Huku kwetu uwanja hujengwa rais akikaribia kuja. Kinoru ya Meru ilianza kukarabatiwa kwa sababu ya CHAN ya 2018. Septemba 2017 CAF wakainyang'anya Kenya hayo mashindano kwa sababu hatukuwa tayari, yakaenda Morocco. Juni 2018 Kinoru ikapata Madaraka Dei badala yake. Tarehe 1 Juni 2023 ilikuwa zamu ya Embu, na Moi Stadium ikapata sura mpya. Poa sana, viti ni vizuri, tumepiga selfi. Lakini bingwa hatokei kwa stadiumu ya Madaraka. Anatokea kwa uwanja wa shule wenye vumbi, saa kumi na moja asubuhi, bila kamera.

Na huo uwanja wa vumbi unaweza kupotea. Januari 2015 kule Nairobi, watoto wa Lang'ata Road Primary walirudi kutoka likizo wakapata uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana wakarushiwa vitoa machozi. Watoto wa primary! Baada ya hapo nchi nzima ikaanza kuuliza shule ngapi za umma zina hati miliki, na jibu likatia aibu. Sasa fikiria bei ya ploti ilivyo pembeni mwa mji wa Embu na Meru saa hii. Shule zetu kubwa za serikali ziko hapo hapo pembeni, penye mji unapanuka kwenda. Uwanja usiotumika huonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Uwanja wenye watoto 200 wakikimbia kila asubuhi ni vigumu kuuza.

Kwa hivyo kama uko sekondari huku mlimani, niko na kazi tatu ndogo kwako. Moja, nenda kwa ofisi uulize kwa heshima: mwalimu, uwanja wetu uko ndani ya hati ya shule? Utaangaliwa vibaya, lakini uliza. Mbili, tafuta mzee aliyesoma shule yenu miaka ya hamsini au sitini umuulize nani alikuwa anakimbia, uandike jina lake na mwaka, kabla hajaenda nalo. St. Patrick's wana miti kwa sababu mtu aliamua majina yasipotee. Shule zetu zina majina pia, ni vile yamelala vichwani mwa watu wa miaka 85. Tatu, kama unapenda kukimbia, kimbia, na ukiambiwa wewe si mtu wa Iten, sema ndiyo, mimi ni mtu wa Embu, au wa Meru, halafu uendelee na raundi yako.

Na kama wewe ni mwalimu wa jiografia na umesoma hadi hapa, saa tunayo, uwanja bado tunao, na kuna mtoto wa shangazi yangu ambaye tayari amevaa raba.